JE, JINA LAKO LILIKATWA KABLA HUJAZALIWA?

Somo kwa kijana anayedhani wokovu si wake. Soma ukiwa na Biblia: Yohana 6:37, Matendo ya Mitume 27, Yona 3. Kama huna Biblia, azima kwa jirani.



Rafiki yangu, kabla hujaikunja karatasi hii ukaitia mfukoni (au ukaitupa, maana asubuhi baada ya mkutano huwa naziokota nyingi uwanjani), nipe dakika chache tu.

Jioni moja mkutano ulikuwa umekwisha. Vijana wa kwaya wanakunja nyaya, kina mama wanabeba watoto waliolala, watu wanarudi makwao. Pale mwisho kabisa wa uwanja, ambako taa hazifiki, kijana mmoja alikuwa ameegemea baiskeli yake. Nilikuwa nimemwona siku tatu mfululizo, palepale. Nikamfuata, nikamwuliza, "Kijana wangu, mbona husogei mbele?"

Akacheka kidogo. "Mtumishi, nyie endeleeni tu. Mimi sikuandikiwa."

Nikadhani ananikwepa kwa maneno ya kijiweni. Kumbe alikuwa anamaanisha. Alikuwa amesikia mahali, tena kwa watu wanaoijua Biblia vizuri, kwamba Mungu aliwachagua watu wake kabla hajaumba dunia, na ambaye hakuchaguliwa, hata alie machozi ya damu, basi. Naye akajitazama: bangi, vijiwizi vya sokoni, mama aliyemwambia tangu utotoni kwamba ana mkosi. Akaamua mwenyewe yuko upande gani wa orodha.

Nikamjibu haraka haraka, "Huo ni uongo wa shetani! Mungu anampenda kila mtu!" Akatikisa kichwa, akapanda baiskeli, akaondoka. Sijamwona tena.

Jibu lile nimelijutia. Silikani, lakini lilikuwa fupi mno kwa swali zito vile. Ni kama mtu anakuonyesha kidonda kilichooza nawe unampa plasta. Somo hili ni jibu nililopaswa kumpa usiku ule. Ni refu kidogo, vumilia.

BIBLIA INASEMAJE?

Sisi huku neno "kuandikiwa" tumelinyonya pamoja na maziwa. Mtu akifeli mtihani, hakujaliwa. Akipata mke mwema, ndiye aliyeandikiwa. Akigongwa na gari, siku zake zilifika. Kwa hiyo mtu akija na Biblia akasema Mungu huchagua, anatukuta tumeshamwekea kiti. Tunachanganya mambo mawili: Mungu aliye hai anayependa na kuita, na ule mkosi wa bibi zetu usio na uso wala masikio.

Lakini usikubali mtu akufiche kwamba Biblia inasema Mungu huchagua. Inasema. Fungua Waefeso 1:4-5, Paulo anawaambia Wakristo kwamba walichaguliwa ndani ya Kristo wakati dunia yenyewe haijakuwapo. Fungua Warumi 9. Yakobo anatangulizwa mbele ya Esau wakati wote wawili bado wako tumboni, hawajatenda jema wala baya. Mbele kidogo utamkuta mfinyanzi na udongo wake, na Paulo anauliza kama chungu kina haki ya kumgombeza aliyekifinyanga. Mimi ni mhubiri wa mikutano, napenda kusema "yeyote atakaye na aje", lakini siwezi kuichana Warumi 9 ili mahubiri yangu yawe mepesi.

Sasa geuza kurasa. 1 Timotheo 2:4: Mungu anataka watu wote waokolewe. 2 Petro 3:9: anavumilia kwa sababu hapendi hata mmoja aangamie. Mathayo 23:37: Yesu anaulilia Yerusalemu. Alitaka kuwakusanya kama kuku na vifaranga vyake; wao ndio waliokataa.

Umeona? Zote zimo katika kitabu kimoja. Hata Farao, ambaye wabishi wanampenda sana! Mmoja atakusomea Kutoka 9:12, kwamba Bwana aliufanya moyo wa Farao kuwa mgumu. Mwenzake atarudi Kutoka 8:15 na 8:32, ambako Farao anaufanya mgumu yeye mwenyewe. Kila mmoja anachukua mstari wake na kukimbia nao.

WATU WALIFUNGWA JELA KWA SWALI HILI

Usidhani swali la kijana yule ni la juzi. Aliyelichimba kwa kina kuliko wengi ni Mwafrika, Augustino, askofu wa Hippo, mji ambao leo unaitwa Annaba, nchini Algeria. Alizaliwa mwaka 354. Ujana wake aliuharibu, na habari zake aliziandika mwenyewe bila kujificha. Aliokolewa akiwa mtu mzima, baada ya kushindwa mara nyingi kujibadilisha. Kwa hiyo aliposikia mafundisho ya Pelagius, mtawa kutoka Uingereza, kwamba mtu akiamua kweli anaweza kuishi kwa haki kwa uwezo aliozaliwa nao, Augustino hakukubali hata kidogo. Mtu aliyetolewa kisimani kwa kamba hawezi kusimama juu akajisifu kwamba aliruka mwenyewe. Maaskofu wa Afrika walikutana Carthage mwaka 418 wakayakataa mafundisho ya Pelagius. Na Augustino kadiri alivyozeeka ndivyo alivyozidi kusema kwamba hata imani yenyewe ni zawadi, na Mungu humpa yule aliyemchagua. Miaka zaidi ya 1,000 baadaye John Calvin wa Geneva akalisukuma neno hilo mpaka mwisho: wengine wamewekewa uzima tangu milele, na wengine hukumu.

Huko Uholanzi profesa mmoja, Jacobus Arminius, akaona hapana, Kristo alikufa kwa ajili ya wote na mtu anaweza kuipinga neema. Alifariki mwaka 1609, na mwaka uliofuata wafuasi wake wakaandika hoja zao tano. Kanisa likaitisha mkutano mkuu mjini Dordrecht, kuanzia Novemba 1618 hadi Mei 1619, na hoja zile zikatupwa nje. Wachungaji wapata 200 walifukuzwa kazini. Siasa nazo zikajipenyeza, kama kawaida yake. Mzee Johan van Oldenbarnevelt, kiongozi wa serikali aliyewakingia kifua, alikatwa kichwa tarehe 13 Mei 1619 akiwa na miaka 71. Mwanasheria Hugo Grotius alipewa kifungo cha maisha. Mwaka 1621 mke wake alimficha ndani ya sanduku la vitabu, na askari wa ngome wakalibeba wenyewe mpaka nje!

Nacheka kila nikisoma habari za sanduku lile, halafu moyo unaniuma. Watu wanagombania neema, wamesahau kuwa na neema.

MARAFIKI WAWILI

Lakini wapo waliogombana vizuri zaidi, nao nataka uwajue.

John Wesley na George Whitefield walikuwa marafiki tangu chuoni Oxford, Uingereza. Februari 1739 Whitefield alianza kuhubiri nje, uwanjani, kwa wachimba makaa ya mawe wa Kingswood, karibu na Bristol. Hawa walikuwa watu ambao kanisa halikuwa na habari nao. Wachafu, walevi, hawana viti vya kukaa ibadani. Whitefield aliwahubiria, na inasimuliwa kwamba machozi yalichora mistari myeupe kwenye nyuso zao zilizojaa vumbi la makaa. Akamwita Wesley aje asaidie, na Aprili mwaka huohuo Wesley naye akaanza kuhubiri nje. Kijana, mkutano wa uwanjani kama huu ulioupitia leo una mizizi pale, kwa wale wachimba makaa.

Kisha wakakosana. Wesley alihubiri kwamba neema ni ya bure kwa watu wote, na kwamba kumfanya Mungu awe amewaumbia wengine jehanamu ni kumtukana. Whitefield alimsihi asiyachape mahubiri yale. Wesley akapiga kura kutafuta mapenzi ya Mungu, kura ikasema ahubiri na achape, akachapa. (Mimi hapo kwenye kura simfuati.) Whitefield, aliyeamini kwamba Mungu huchagua, akamjibu kwa barua kali aliyoiandika Georgia, Marekani, Desemba 1740. Wafuasi wakagawanyika. Walikuja kupatana kama ndugu, lakini juu ya fundisho lile hawakukubaliana mpaka kifo. Whitefield alifariki Septemba 30, 1770, huko Marekani. Unajua ni nani aliyehubiri kwenye ibada ya kumkumbuka London, tena kwa ombi la Whitefield mwenyewe? John Wesley.

Sasa nijibu swali moja. Kati ya hao wawili, nani aliyetangulia kwenda kwa wachimba makaa? Ni yule aliyeamini uchaguzi! Hakusimama mlangoni kuuliza nani ameandikiwa. Aliwaita wote, kwa sababu hakuwa na orodha. Wesley hakuwa nayo. Augustino hakuwa nayo, wala Calvin. Uingereza walikuwako wahubiri waliojifanya wanayo, wakawa hawamwiti mwenye dhambi aje kwa Yesu, wakiogopa kumwita asiyechaguliwa. Wenzao waliamini uchaguzi pia lakini wakawapinga. Mmoja wao, mshona viatu William Carey, alisafiri mwaka 1793 kwenda India kuwahubiria watu ambao hajapata kuwaona.

Mimi nasimama upande wa Wesley, sifichi. Sisi Wapentekoste wengi tumetokea kwenye ukoo wake. Ukienda kwa Wapresbiteri utakuta wanalisema tofauti, na siwezi kukuambia kwamba hawamjui Yesu. Lakini sikia jambo hili: wao na sisi hakuna aliyeruhusiwa kukuambia, "Wewe fulani umekatwa." Kijana yule wa baiskeli alisikia fundisho la Wakristo, halafu akaliongezea mstari wake mwenyewe, mstari ambao haupo mahali popote katika Biblia.

MELI YENYE WATU 276

"Sawa Mtumishi, lakini kama Mungu ameshaamua, kusogea kwangu mbele kunasaidia nini?"

Swali zuri. Twende baharini, Matendo 27. Paulo ni mfungwa, yuko kwenye meli inayompeleka Roma. Dhoruba inawapiga siku nyingi mpaka matumaini yanaisha. Usiku malaika anamtokea, na asubuhi Paulo anawatangazia kwamba hakuna hata mmoja atakayekufa, meli tu ndiyo itakayopotea (mstari wa 22 hadi 24). Imeshaamuliwa, sivyo? Mungu amesema. Ungekuwa wewe ungelala.

Ukishuka mpaka mstari wa 30 utakuta mabaharia wanataka kutoroka. Wanashusha mashua ndogo wakijifanya wanatia nanga. Paulo anamwambia akida: hawa wasipobaki ndani ya meli, ninyi hamwezi kuokoka. Ala! Paulo yuleyule! Asubuhi hakuna atakayekufa, sasa wasipobaki mtakufa. Amejichanganya? Hapana. Ahadi ya Mungu ilikuwa ya kweli, na kubaki melini kulikuwa kwa kweli. Askari hawakukaa chini kujadili vipi mambo hayo mawili yanakaa pamoja. Walitoa visu wakakata kamba za mashua, ikaanguka majini. Siku ya pili wote 276 walikuwa wamelowa chepechepe ufukweni Malta, wengine wakiwa wamekumbatia vipande vya mbao.

Mimi nikifika hapo kwenye Biblia yangu huwa nanyamaza. Sijui kukuchorea jinsi mkono wa Mungu na mkono wa askari mwenye kisu ulivyoshika kazi moja. Najua kwamba kamba ilikatwa.

Na Yesu mwenyewe ameyaweka pamoja katika mstari mmoja, Yohana 6:37. Nusu ya kwanza: wale ambao Baba anampa watamjia. Nusu ya pili: ajaye kwake, yeye hatamtupa nje hata iweje. Nusu ya kwanza ni siri ya Baba na Mwana. Nusu ya pili ni yako wewe, na haina sharti la kuonyesha kadi kwanza.

KAMA SAUTI INAKUAMBIA UMEKATALIWA

Hapa nataka twende taratibu, maana najua wapo wanaosoma karatasi hii usiku peke yao.

William Cowper alikuwa mshairi Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1731. Tangu ujana akili yake ilikuwa inaugua huzuni nzito. Mwaka 1763 alijaribu kujiua, akapelekwa kwenye nyumba ya wagonjwa wa akili. Alipokuwa huko alisoma Warumi 3:25, juu ya damu ya Kristo, akaipokea amani. Baadaye alihamia mji wa Olney, ambako mchungaji alikuwa John Newton, aliyepata kuwa nahodha wa meli za watumwa. Wakaandika pamoja nyimbo za ibada ambazo makanisa bado yanaziimba.

Mwaka 1773 ugonjwa ulirudi. Aliota ndoto, na katika ndoto akasikia kwamba kwake yamekwisha, ameangamia. Akaamini kwamba ni Mungu aliyesema. Akaacha kwenda kanisani, akaamini hata kuomba hana ruhusa. Aliishi hivyo karibu miaka 27, mpaka alipofariki mwaka 1800. Watu wanaimba nyimbo zake na kufarijika, yeye mwenyewe amekaa nje akiamini mlango umefungwa kwake peke yake.

Newton aliamini uchaguzi kama alivyouamini Whitefield. Lakini hakukubali hata siku moja kwamba rafiki yake amekataliwa. Cowper alipozidiwa, Newton alimpokea nyumbani kwake akakaa naye zaidi ya mwaka mzima. Aliijua tofauti kati ya sauti ya Mungu na sauti ya ugonjwa.

Basi kijana, dada yangu, kama kuna sauti ndani inakuambia umekatwa, jimalize, usiiite unabii. Bwana anapomhukumu mtu kwa dhambi humwita arudi. Sauti inayosema usije kabisa haitoki kwake. Mwambie mtu leo. Mwambie mama, shangazi, mchungaji, rafiki aliye macho. Na hospitali nenda, hiyo si kukosa imani. Ukiumwa malaria unakwenda. Kichwa nacho ni kiungo.

MFALME ALIYEOMBA KWA "HUENDA"

Nimalizie na Ninawi, mji ambao magofu yake yako Mosul, Irak. Yona alipeleka ujumbe mfupi sana: baada ya siku 40 mji unaangamizwa. Soma vizuri Yona 3:4. Hakuna "mkitubu". Hakuna "isipokuwa". Kama kuna watu waliosikia kwamba jambo lao limeshaandikwa, ni wale.

Mfalme alifanya nini? Angeweza kusema, "Ndivyo tulivyoandikiwa," akaagiza pombe. Badala yake alishuka kwenye kiti cha enzi, akavaa magunia, akakaa majivuni, akaamuru hata ng'ombe wafunge! Na katika mstari wa 9 anatoa sababu yake. Hana ahadi yoyote mkononi. Anasema tu kwamba nani anajua, huenda Mungu akageuka. Aliomba kwa "huenda", na Mungu akauacha mji.

Wewe una zaidi yake. Una msalaba, na una ile nusu ya pili ya Yohana 6:37. Na wewe mwenye baiskeli, kama karatasi hii imekufikia kwa mkono wa mtu: nisamehe kwa jibu lile. Sala hii niliiandika nikikuwaza wewe. Haihitaji uwe umeshajua kama umeandikiwa. Iseme kwa sauti, hata kama ni kwa kunong'ona, popote ulipo.

"Mungu, mimi sijui jina langu liko wapi. Watu wameniambia nina mkosi na mimi nimeamini. Nimefanya mabaya, unayajua, mengine naona haya hata kuyataja. Nasikia Yesu alikufa kwa ajili ya wenye dhambi, na hilo najua kwamba ni mimi. Nasikia anayekuja kwake hafukuzwi. Basi ninakuja. Nisamehe. Nitoe mahali nilipo, maana nimejaribu kujitoa nikashindwa. Bwana Yesu, usiniache huku gizani, mwisho wa uwanja. Amina."